Makofi Tuliyompigia Mzee Athumani

Ninyi mnaoanza kazi ya uuguzi, someni haya mkiwa mmekaa, miguu chini na mgongo umeegemea. Ndivyo tunavyowaambia wagonjwa kabla ya kuwapima presha, na hakuna ubaya na sisi tukijaribu. Mimi ni Paskalina, Sista Paskalina kwa wengi wa hapa Karatu, ingawa nimestaafu na sare yangu ya mwisho sasa naitumia kufungia mbegu za maharage. Nimepima presha za watu kwa zaidi ya miaka thelathini, huku Karatu na kule Ngorongoro. Katika wote hao yupo mmoja niliyempima vibaya, japo kila mara namba yake niliisoma sawasawa na kuiandika kwa mwandiko mzuri. Nitamfikia. Siendi haraka kwa sababu jambo lake bado linaniuma, na kwa sababu kuna mambo ya kazi ambayo mnapaswa kuyajua kabla hamjanihukumu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja ndogo ng'ambo ya Wasso, njia ya kwendea Piyaya. Basi lilinishusha nikiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope. Tabibu wa pale alikuwa Bwana Amnaay, Mwiraqw mwenzangu kutoka Mbulu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata akila. Alinikabidhi mashine ya zebaki, ile ya sanduku, akaniambia nipime watu.

Ilikuwa Julai, na baridi ya huku mnaijua. Akina mama walikuja na sweta mbili, shuka juu, na kitenge juu ya shuka. Niliona huruma kumvua mtu nguo kwenye baridi ile, nikawa nafunga kitambaa cha mashine juu ya yote. Nikaandika namba zangu kwa wiki nzima. Siku Bwana Amnaay aliponikuta alisimama mlangoni akaangalia, kisha akamwuliza mgonjwa, "Mama, sweta lako linaendeleaje?"

Mama yule akasema sweta ni zima.

"Vizuri, maana leo Sista amelipima sweta. Wewe bado hujapimwa."

Wagonjwa wote walicheka, na mimi nilitamani kujificha chini ya meza. Tangu siku hiyo nimevua mikono ya watu hata kwenye ukungu wa Oldeani, ambako mtu akitoa mkono nje ya nguo unafuka moshi. Mkono uwe wazi, uwe umelazwa usawa wa moyo, na mtu awe amepumzika dakika tano bila kuongea. Na awe amekwenda chooni. Kibofu kikijaa, presha hupanda, na utampa mtu ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa nyuma ya jengo.

Bwana Amnaay hakuamini kwamba nilijua ninachopima. Jumamosi moja alinunua moyo wa ng'ombe kwa mchinjaji, akauleta ndani ya ndoo. Akaupasua juu ya meza ya bati nje ya zahanati, akaniambia nitie vidole. Upande wa kulia ukuta wake ni mwembamba, upande wa kushoto ni mnene kuliko kidole gumba changu. Akaniuliza kwa nini. Sikujua. Akasema upande wa kulia unasukuma damu hadi mapafuni tu, jirani hapo hapo, ikachukue hewa. Ikirudi inaingia kushoto, na upande huo una kazi ya kuipeleka hadi kwenye ubongo na hadi kwenye ukucha wa mguu. Kazi ni kubwa zaidi, ndiyo maana nyama ni nyingi zaidi.

Halafu akamwagia maji kwenye ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Nilidhani maji yataingia moyoni. Hayakuingia. Vipande vitatu vyembamba kama ngozi ya kitunguu vilijikunja, vikashikana na kuzuia. "Hiyo ni milango," akasema. "Inafunguka upande mmoja tu. Ukiweka kifaa cha kusikilizia kifuani kwa mtu ukasikia du-dup, du-dup, unasikia milango inajifunga." Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo chuoni, lakini siku hiyo ndipo nilipoelewa. Jioni tukaupika ule moyo na viazi, tukaula. Ulikuwa mgumu.

Kuhusu zile namba mbili, alinieleza kwa mambo ya Mang'ola, alikokuwa na shemeji anayelima vitunguu kwa mota ya maji. Mota ikisukuma, mpira unajaa na kutanuka. Ikipumzika kidogo, mpira unanywea, lakini maji bado yamo na bado yana nguvu. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokaza. Namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea na kujaa upya. Ukitaka nguvu ipande, una njia tatu. Uongeze kasi ya mota, uongeze maji, au uubane mpira. Mwili nao unazo hizo hizo.

Na mwili haukai tu kusubiri. Papaseni shingo zenu, pale mshipa unapodunda chini ya taya. Ndani ya ukuta wa mshipa huo, na kwenye ule mkubwa karibu na moyo, kuna mahali panapohisi jinsi mshipa unavyotanuka na kupeleka habari kwenye ubongo. Mkiinuka ghafla kutoka kitandani, damu inateremka miguuni, presha inashuka, habari inafika, na kabla hamjavaa kandambili ubongo umeshaagiza moyo uongeze mwendo na mishipa ijibane. Hiyo ni kazi ya papo hapo. Kazi ya siku na miezi ni ya figo. Zenyewe ndizo zinazoamua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini na kiasi gani viende na mkojo. Ndiyo maana dawa moja ya presha ni ya kukojoza, na ndiyo maana tunawasumbua watu kuhusu chumvi.

"Sasa sikiliza," Bwana Amnaay aliniambia. "Mtu akiinuka akashika ukuta, ujue mahali fulani mpango huo umezidiwa. Usimwache aende. Muulize kameza nini, kanywa nini, kapoteza nini." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Daftari ninalo hadi leo, na mstari huo upo.

Huko huko njia ya Piyaya kulikuwa na mzee wa Kimasai aliyekuja na maumivu ya kichwa. Nilipoanza kujaza upepo kwenye kitambaa, wenzake walinong'ona kwa wasiwasi, yeye akawanyamazisha. "Wewe ndito," akaniambia, yaani binti, "hiyo ni kamba ya ng'ombe." Akanieleza kwamba wanapotaka kutoa damu ya ng'ombe ya kunywa humfunga kamba shingoni, wakakaza hadi mshipa ukasimama, ndipo wakautoboa kwa mshale. Wakilegeza kamba, damu inaenda zake na jeraha linafunga. "Ukikaza kidogo sana hupati kitu. Ukikaza sana unamtesa. Lazima mkono ujue." Niliwaeleza kwamba yangu inakaza hadi damu isipite kabisa, kisha nalegeza taratibu na kusikiliza inapoanza kupita. Mzee akawageukia wenzake akawaambia kwa Kimaa, na wote wakapanga mstari wenyewe. Sijawahi kupata wanafunzi wepesi kama wale.

Haya yote nimeyasema ili mjue kwamba sikuwa mjinga wa kazi. Nilifundishwa na mtu anayejua. Sikukosea kwa kutojua.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Karatu, kwenye kituo kimoja kilicho jirani na mashamba ya kahawa, na nikapewa kliniki ya presha, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Wagonjwa walikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na wakulima wa hapa hapa, madereva wa watalii waliokuwa wakitaka wapimwe upesi kwa sababu wageni wanasubiri kwenye gari, na vibarua wa kahawa kutoka Singida, Dodoma na Mbulu waliokuwa wakikaa kambini. Nilikuwa mkali. Hilo nalisema waziwazi kwa sababu hata mkiuliza leo sokoni mtaambiwa. Mtu akija presha ikiwa juu nilimgombeza veranda nzima ikisikia. "Dawa tunawapa, mnazipeleka wapi? Mnalisha kuku?" Na nilimkalisha kwenye benchi la peke yake, karibu na ndoo ya maji, asubiri hadi mwisho.

Aliyekuja presha ikiwa chini nilimsimamisha. "Makofi matatu kwa mzee huyu!" Na veranda nzima ikapiga pa, pa, pa. Niliyabuni mwenyewe makofi hayo na nilijivuna nayo sana. Wageni wa kutoka wilayani walipokuja walipenda, wakasema kliniki yangu imechangamka.

Mzee Athumani alikuwa kibarua wa siku nyingi, Mnyaturu kutoka Singida, mrefu, mpole, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Alipofika mara ya kwanza alikuwa amekatwa kidole na mundu tu, na nilipompima kwa desturi nikakuta mia na tisini na kitu. Hakuwa anaumwa popote. Hiyo ndiyo hila ya presha, vijana wangu. Moyo unaweza kusukuma dhidi ya mishipa iliyobanwa miaka na miaka, ukuta wake wa kushoto ukinenepa, mishipa midogo ya ubongo na figo ikichakaa, na mwenye moyo huo anabeba debe la kahawa akiimba. Akapewa dawa mbili za kila siku, moja ya kutanua mishipa na moja ya kukojoza.

Mwezi uliofuata presha ilikuwa imeshuka vizuri. Nikampigishia makofi. Aliinamisha uso akitabasamu kama bwana harusi. Mwezi wa pili makofi. Wa tatu makofi. Kwa miaka mitatu mzee huyo hakukosa Alhamisi hata moja, na hakukosa makofi. Niliwaambia wengine, "Muigeni Mzee Athumani."

Na kila Alhamisi, alipoinuka kwenye benchi kuja kwangu, alishika nguzo ya veranda. Alisimama hapo kidogo macho yamefumba, kisha akaja. Niliona. Nilisema moyoni, uzee. Kisha nikamfunga kitambaa.

Ilitokea msimu wa kuchuma, saa nne asubuhi, siku tisa baada ya kliniki. Alikuwa katikati ya mstari wa kahawa, kikapu kiunoni. Waliokuwa naye walisema kikapu kilianza kuinama upande mmoja, wakadhani amechoka, kisha wakaona mdomo nao umeinama. Pikapu ya shamba ilimkimbiza hospitali. Presha yake walipoipima ilikuwa kubwa kuliko ile ya siku ya kidole. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikakataa, na maneno nayo.

Nilipopata habari nilibisha. Nilimwambia mganga wetu mfawidhi, "Haiwezekani. Yule presha yake iko sawa, kadi ninayo hapa." Nikamwonyesha kadi. Namba nzuri tupu, mwandiko wangu.

Mke wake, Mama Zuhura, alinijibu kwa niaba ya kadi. Alikuja kituoni siku ya Ijumaa amekumbatia kopo la maziwa ya unga. Hakusalimia kwa kirefu. Akaliweka mezani, likatoa sauti ya mahindi makavu.

"Sista, hizi hapa. Zimejaa."

Nikafungua. Vidonge vya miaka mitatu, vyeupe, vingine vimeanza kumeguka.

"Hakuwa anameza?"

"Alikuwa anameza. Jumanne, Jumatano, na Alhamisi asubuhi anameza viwili viwili. Ili akija kwako iwe imeshuka." Akafuta jicho kwa ncha ya khanga. "Alikuwa anasema, Sista atafurahi."

Nilikaa. Kichwani ilinijia ile nguzo ya veranda. Mtu aliyeacha dawa wiki tatu na nusu, kisha akamimina maradufu siku tatu mfululizo, mishipa ikalegea kwa mpigo na ubongo ukashindwa kuwahi. Nilikuwa nimeona kila mwezi, na mstari wa Bwana Amnaay ulikuwa kwenye daftari langu.

Mzee Athumani alirudi kambini baada ya wiki nyingi, na nilimwendea. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya chumba chao, mkono wa kulia umelala pajani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mdomo uliopinda. Maneno yalikuwa yamerudi lakini mazito, na ilibidi nimsogelee.

"Mzee wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Kile cha kukojoza, Sista. Kinanitoa mstarini kila saa. Wenzangu pale ni akina mama. Nyapara anapiga kelele." Akapumzika. "Nikaacha. Halafu nikaogopa lile benchi."

"La karibu na ndoo?"

"Hilo." Kisha akasema jambo ambalo nitakufa nalo. "Hapa mimi ni mtu wa kambi. Nyapara hajui hata jina langu. Miaka yote niliyokaa Karatu, ni pale kwenu tu nilipigiwa makofi. Ningeyaachaje?"

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo walimu wetu walitukataza. Nililia kwa sababu tiba ya tatizo lake ilikuwa maneno machache. Ningemwambia, Mzee, kile cha kukojoza kimeze alasiri ukitoka shambani. Au ningemwomba daktari ambadilishie. Dakika mbili. Sikuwa nazo, kwa sababu nilikuwa nazitumia kumpigishia makofi.

Alhamisi iliyofuata sikupiga makofi. Benchi la ndoo nililihamishia ndani likawa la kuwekea mafaili. Kila mtu nilimpimia chumbani mlango umefungwa, na kabla sijashika mashine nilimwuliza, "Tangu tulipoonana, ni siku zipi ulishindwa kumeza?" Si "umemeza?", kwa sababu hilo jibu lake nilishalijua. Mwanzoni hawakuniamini. Walinitazama kama watu wanaotegwa.

Kama miezi mitatu baadaye Mama Zuhura alimleta mzee wake kliniki kwa bodaboda, amemshika kiunoni. Wakakaa verandani pamoja na wengine. Mama mmoja mkulima, mwenye sauti kubwa, aligoma kuingia chumbani. Akasimama pale pale akasema, "Mimi nisemee hapa hapa nisije nikabadilisha nikiingia. Sista, sijameza wiki mbili. Zinanikohoza, nikazitupa."

Veranda yote ikanigeukia. Wazee kwa vijana walikuwa wanasubiri nilipuke, na nakiri ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Ndipo nikasikia mlio nyuma yangu. Mzee Athumani, kwa mkono wa kushoto, alikuwa anapiga paja lake. Pa. Pa. Pa.

Hakuna aliyecheka. Nikamwingiza mama yule, daktari akambadilishia dawa, na kikohozi kikaisha.

Mzee Athumani aliishi miaka miwili zaidi. Kadi yake ya miaka hiyo ina namba za kupanda na kushuka, si za kuonyeshea wageni, lakini kila moja ilikuwa ya kweli. Watu wa kambi walichanga, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Singida. Nilisimama barabarani gari lilipopita.

Sasa na mimi ni mgonjwa wa presha. Mnashangaa? Mishipa ya muuguzi nayo inazeeka. Mwezi uliopita nilikwenda kituo kile kile, nikakaa kwenye veranda ile ile, na binti mmoja mgeni, asiyenijua, akanifunga mashine ya betri mkononi. Alinivua sweta kwanza, nikafurahi. Namba ikatoka kubwa. Akanitazama.

"Bibi, umemeza dawa zako?"

Nilikuwa sijameza siku nne. Zilikuwa zinanivimbisha miguu, na nilikuwa na shughuli ya ubarikio wa mjukuu, nikataka viatu viingie. Mimi, Paskalina, niliyeona lile kopo. Na vijana wangu, nawaambia bila aibu, neno "nimemeza" lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa hofu ya binti anayelingana na mjukuu wangu mkubwa.

Nikasema, "Siku nne, mwanangu. Sijameza."

Nikasubiri sauti ipande. Yeye akaweka kalamu chini, akavuta kiti, akakaa.

"Kwa nini, bibi?"

Mzee Athumani nilimpima mara thelathini na sita, na swali hilo sikuwahi kumuuliza hadi alipokuwa hawezi tena kunyanyua mkono.